Watoto wa Tanga Wapelekwe Amani

Kila aishiye katika mji wa Tanga, awe mzaliwa wa Ngamiani au mgeni aliyefika jana kwa shughuli za bandari, hunywa maji ya mto Zigi, na mto huo chimbuko lake ni misitu ya Usambara Mashariki, ambako mvua iletwayo na pepo za Bahari ya Hindi hukutana na milima ya kwanza izuiayo njia yake, ikamwagika kwa kadiri ya milimita 1,900 kwa mwaka. Maji hayo yakishuka hukusanywa katika bwawa la Mabayani, husafishwa, kisha hupelekwa majumbani, sokoni, mahospitalini, misikitini na makanisani. Walakini ukiwauliza watu wa mji ni wangapi kati yao waliopata kuuona msitu huo kwa macho yao wenyewe, aghalabu utajibiwa kwa kutikiswa kichwa, ilhali wageni wa Ulaya na Marekani huvuka bahari na kutumia mali nyingi ili wapate siku mbili tatu za kutembea chini ya miti yake.

Hili ni jambo la kusikitisha, nami nasema bila ya kusita kwamba ni jambo la kurekebishwa. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye hekta 8,380 za msitu huo katika wilaya ya Muheza, ndiyo darasa adhimu kupita yote tuliyo nayo katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, na tunaliacha darasa hilo pasi na wanafunzi kwa sababu ya dhana moja iliyotukaa vichwani tangu utoto, kwamba kwenda kutazama viumbe ni kwenda kutazama simba, tembo na twiga. Serengeti na Ngorongoro zina haki ya sifa zake, na sina kinyongo nazo. Lakini mtoto aliyefundishwa kuwa kiumbe asiyekuwa mkubwa wala mkali hana maana, mtoto huyo amefundishwa nusu ya elimu, na nusu aliyonyimwa ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumba yao.

Usambara ni sehemu ya safu ya milima iitwayo Tao la Mashariki, ianzayo Taita nchini Kenya na kwenda kusini hadi Udzungwa. Wajuzi wa elimu ya mimea na ardhi wamethibitisha kuwa misitu ya safu hii imedumu kwa mamilioni ya miaka, kwa kuwa bahari haikuacha kuipelekea unyevu hata katika zama ambazo sehemu kubwa ya bara la Afrika ilikauka na misitu yake ikarudi nyuma. Viumbe waliokuwa humo juu walitengwa na ndugu zao wa mbali, wakazaliana peke yao kizazi baada ya kizazi, wakageuka kidogo kidogo hata wakawa jamii nyingine kabisa, ambazo leo hazipatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii, na baadhi yake katika mlima mmoja tu. Hapo ndipo ulipo utajiri wa Amani. Simba huyo huyo wa Mikumi utamwona Kruger na Maasai Mara. Lakini yuko ndege mdogo wa hapa, mwenye mdomo mrefu, wa ukoo wa wale washonao majani kufanya viota, ambaye aligunduliwa na wataalamu mnamo miaka ya 1930 na kupewa jina la Reginald Moreau aliyekuwa akifanya kazi Amani, na ambaye katika dunia yote makao yake yanayojulikana ni Usambara Mashariki na mlima Njesi ulio mbali kaskazini mwa Msumbiji. Ndege huyo hupendelea vichaka vilivyofungamana ukingoni mwa msitu, hata mtu aweza kupita hatua chache kutoka kwake akidhani kwamba hakuna kitu.

Mwenye kwenda Amani hutoka Muheza, mji wa machungwa, akafuata barabara ya udongo ipitayo katikati ya mashamba na vijiji hata lango la Zigi, ambako nyumba ya stesheni ya reli ndogo iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tengeni bado imesimama. Kutoka hapo njia hupanda kwa makona makali, hewa ikipoa kadiri ya mpando, mpaka mtu afikie kimo cha mita 900 hivi, ambapo mashamba ya chai ya kijani kibichi yamepakana na msitu mweusi. Mpaka ule ni wa ghafula. Upande mmoja mwanga ni mwingi na jicho hufika mbali; upande wa pili, hatua kumi tu ndani, mtu huzungukwa na nusu giza, na harufu ya majani yaozayo, na sauti za matone yanayodondoka japokuwa mvua ilikatika tangu asubuhi.

Ni humo ambamo mgeni asiyezoea huvunjika moyo, kwani huangaza huku na huko akatafuta wanyama, asiwaone. Msitu wa mvua hautoi vyake kwa mwenye haraka. Sharti mtu aende taratibu, asimame, anyamaze, na zaidi ya yote awe na kiongozi aliyezaliwa katika vijiji vya jirani, kama vile vijana waongozao wageni hapo, ambao ujuzi wao wa miti umetoka kwa wazee wao waliokuwa wakitafuta dawa, kamba na asali humo, kisha ukaongezwa na mafunzo ya watafiti waliowatangulia njiani. Kiongozi wa namna hiyo hugusa gome la mti akakwambia jina lake la Kisambaa na kazi yake. Huinua kichwa akakuonyesha mbega waliotulia kileleni na mikia yao myeupe ikining'inia. Huinama akafunua jani moja kavu kati ya maelfu, na jani hilo likanyanyua mguu likaenda zake, kwa maana si jani, ni kinyonga mdogo asiyezidi urefu wa kidole, mwenye rangi na umbo la jani lililokufa. Wako na wenziwe wakubwa zaidi, madume yao yakiwa na pembe tatu usoni. Watu wengi wa kwetu humwogopa kinyonga na kumwona ni kiumbe wa nuksi, wakampiga mawe wamwonapo. Hofu hiyo huondoka kwa urahisi mtoto akimwona mnyama huyo amelala usiku juu ya kijiti, mkia umejikunja, rangi imefifia, hana silaha yoyote.

Jambo jingine ambalo ningependa kila mwanafunzi alisikie papo hapo msituni ni habari za chura wa jamii iitwayo Nectophrynoides. Vitabu vyetu vya shule hutufundisha kwamba chura hutaga mayai majini, mayai yakawa viluwiluwi, viluwiluwi wakaota miguu. Katika milima ya Tao la Mashariki wamo vyura ambao hawafanyi hivyo hata kidogo: jike huyabeba mayai tumboni na huzaa watoto waliokamilika, vyura wadogo sana wenye miguu yote minne, kwenye ardhi yenye unyevu mbali na kidimbwi chochote. Mtoto akiuona mfano huo mbele yake atafahamu kuwa maumbile yana njia nyingi kuliko ile moja iliyoandikwa ubaoni, na kwamba mengine kati ya mambo yaliyo nadra kabisa ulimwenguni yako mwendo wa saa chache kutoka kwao.

Amani ina historia yake pia, nayo yastahili kuelezwa kwa insafu, mema na mabaya. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha hapo taasisi kubwa ya elimu ya viumbe na kilimo chini ya Franz Stuhlmann, ikafyeka sehemu ya msitu na kupanda bustani ya miti iliyokusanywa kutoka India, Java, Australia, Amerika ya Kusini na pande nyingine za dunia: mikwinini ya dawa ya homa, mikafuri, viungo, mipira, mikahawa, mianzi na mbao za kila namna. Nia ya watawala ilikuwa dhahiri, yaani kujua ni mmea gani utakaoipa dola yao faida. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka na njia za bahari zikafungwa, mikwinini ile ya Amani ilitoa dawa kwa majeshi ya Wajerumani yaliyoongozwa na von Lettow-Vorbeck. Bustani hiyo ipo hata leo, na mgeni aweza kutembea chini ya miti ambayo mingine imepita umri wa miaka mia moja.

Lakini tazama namna hazina ya hapa ilivyopitwa na macho ya wengi. Miaka 10 kabla ya kuanzishwa taasisi ile, mnamo 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa mtawala wa Tanga aliona kwenye miamba yenye kivuli mmea mfupi wenye majani manene ya manyoya na maua ya zambarau, akaupeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akauandika katika vitabu vya elimu kwa jina la Saintpaulia. Ua hilo leo hukaa katika madirisha ya nyumba za Ulaya, Marekani na Japani, limezalishwa kwa rangi za kila aina, limeundiwa vyama na mashindano, na biashara yake imetajirisha watu wengi ambao Tanga hawaijui. Asili yake ni miamba yetu. Humo msituni bado linaota, dogo na lenye haya, kwenye mawe yaliyo kando ya vijito, na mahali pengine limekuwa adimu kwa sababu kivuli kilichokuwa kikilihifadhi kimekatwa. Mwanafunzi wa Tanga ana haki ya kujua kwamba ua lile aliloliona katika picha ya nyumba ya Mzungu ni jirani yake.

Na kisa kilicho kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni cha mhogo. Zama za Wajerumani ulipandwa katika nchi hizi mpira wa Ceara, mti uliotoka Brazil, kwa ajili ya utomvu wake. Kufika mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka na mashamba mengi yakatupwa. Waswahili hawakuutupa mti wenyewe. Waliona kuwa ni ndugu wa mhogo, wakachuma majani yake, na hata leo kisamvu cha mpira kikipikwa kwa tui la nazi ni kitoweo kinachosifiwa Unguja na Tanga. Katika miaka ya 1930, wakati Waingereza wamekwisha kuifanya Amani kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, maradhi ya batobato na michirizi kahawia yalikuwa yakiangamiza mihogo ya wakulima, na wataalamu H. H. Storey na R. F. W. Nichols wakaanza kuichanganya mihogo ya kawaida na ule mpira wa Ceara uliopuuzwa, ili watoto wa mchanganyiko huo wapate ukinzani wa maradhi. Kazi ile ilichukua miaka mingi ya kupanda, kuchagua na kupanda tena. Moja ya mbegu zilizotokana nayo ilifika Nigeria, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa taasisi ya kilimo ya kimataifa huko Ibadan wakaitumia kuzalisha mihogo yenye kustahimili batobato, ambayo ilienea katika nchi nyingi za Afrika. Mamilioni ya watu walao ugali wa mhogo na gari, yaani unga wa mhogo uliokaangwa, hawajui kwamba sehemu ya chakula chao ina nasaba na mlima mmoja wa Muheza.

Kwa insafu ile ile lazima tutaje madhara. Mti uitwao Maesopsis, ambao Waganda huuita musizi, uliletwa Amani kutoka magharibi ya Ziwa Nyanza ukapandwa kwa kuwa hukua upesi. Katika misitu ya kwao mti huu una mahali pake. Huku Usambara ulikuta misitu iliyojaa mianya kutokana na ukataji wa magogo, na ukakuta hondohondo, ndege wakubwa wenye midomo mizito, ambao walipenda matunda yake wakazibeba kokwa zake kwenda nazo mbali. Kila palipoanguka mti wa asili, musizi ulitangulia kuota. Kwa muda mrefu mashine za mbao ziliendelea kuikata misitu hii, mpaka katika miaka ya 1980 ambapo wanasayansi na watetezi wa mazingira walipiga kelele za kutosha hata uvunaji ule ukakomeshwa. Na mwaka 1997 Serikali ikatangaza Amani kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo katika Tanzania. Miaka michache baadaye wakaja wachimbaji wa dhahabu, wakavuruga vijito na kuyachafua maji yale yale yanayoteremka Mabayani, hata wakaondolewa. Mtu apitaye leo katika bustani na msitu na kuonyeshwa ipi miti ya asili na upi musizi, huelewa kwa dakika chache jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi: kuwa kijani kibichi peke yake si ithibati ya msitu wenye afya.

Yasiwe haya maneno ya kuwasahau wenye milima. Wasambaa na wengineo waishio pembezoni mwa hifadhi wamelipa gharama ambayo sisi wa mijini hatukuilipa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili msitu wa Derema ubaki kuwa njia ya viumbe kutoka sehemu moja ya msitu hadi nyingine, wakulima waliokuwa wamepanda iliki chini ya miti walitakiwa kuyaacha mashamba yao, na fidia yao ilichukua miaka kupatikana. Iliki ilikuwa ada ya shule, mahari na matibabu. Baadhi yao walipata njia nyingine katika ufugaji wa vipepeo, wakipanda mimea iliwayo na viwavi, wakalea viwavi hadi kuwa pupa, na pupa zikasafirishwa kwenye maonyesho ya vipepeo ya Ulaya na Marekani. Mradi huo ulikuwa na uzuri wa pekee, kwamba mfugaji alihitaji msitu ubaki ili apate vipepeo wa mbegu. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai kwenda nchi za nje, na vipepeo wakaingia katika marufuku hiyo. Nia ya kuwalinda wanyama wetu na magendo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kiwavi aliyelelewa na mama wa kijijini kwa majani aliyoyapanda mwenyewe hafanani na twiga aliyeibwa porini, na Wakenya wa Gede, ambao mradi wao wa Kipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke ulianza mwaka 1993, walikwisha kutuonyesha kuwa biashara hiyo yaweza kuwa rafiki wa msitu. Naona ni haki wafugaji wa vipepeo watazamwe kwa sheria yao peke yao.

Kwa wakati huu wageni ndio waletao fedha vijijini, kwa malipo ya viongozi, malazi na chakula, na mgeni Mtanzania anahesabika sawasawa na mgeni wa mbali. Yule atokaye Tanga kwa basi hadi Muheza, akalala usiku mmoja Amani, akamlipa kiongozi wake ujira wa haki na kununua iliki na pilipili manga kwa mkulima mwenyewe, amefanya jambo la maana kwa msitu kuliko hotuba nyingi za siku ya mazingira.

Kwa hiyo maombi yangu nayaelekeza kwa wale walio na uwezo wa kuamua. Maafisa elimu wa Tanga, Muheza, Mkinga, Pangani na Korogwe waiweke safari ya Amani katika ratiba ya shule za msingi na sekondari, walau mara moja kwa kila mwanafunzi kabla hajamaliza masomo. Wakala wa Huduma za Misitu utenge siku ambazo wanafunzi wataingia bila kiingilio, na viongozi wa vijijini walipwe siku hizo kama walipwavyo na watalii. Matajiri wa Tanga wenye mabasi wasaidie usafiri. Wazazi wasihofie nyoka na mvua. Koti jepesi na viatu vya kufunga vyatosha, na watoto wakifuata njia pamoja na kiongozi hawatadhurika. Na mwalimu asomaye maneno haya ambaye hajapata kufika huko, na atangulie yeye mwenyewe, apite japo njia moja fupi pamoja na kiongozi wa hapo, kisha arudi akapange siku ya darasa lake mapema, kabla masika hayajaiharibu barabara.